Ushirika au ushirikiano? Jinsi ya kujua utumie lipi

Haya maneno mawili yote yametoka kwenye kushiriki ndo maana watu wanayachanganya, ila kwa sisi watu wa Moshi na hasa mwenye kahawa shambani, kuchanganya kunaweza kukuumiza mfukoni kabisa.

Ushirikiano ni kile watu wanachofanya. Mnasaidiana, mnasikilizana, kazi inaenda, hakuna kiingilio wala cheti, na mkigombana kesho unaisha. Majirani mkitoka kuzibua mfereji huko Uru au Marangu, huo ni ushirikiano. Mwenyekiti wa kitongoji akisema watu wa sensa wapeni ushirikiano, sawa kabisa. Hata nchi zinakuwa nao, Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa kwenye ushirikiano kwanza kabla hazijasaini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki pale Arusha Novemba 1999.

Ushirika sasa ni kitu chenye wenyewe. Kina wanachama wanaojulikana kwa majina, kina hisa, kimeandikishwa kwa sheria (ya sasa ni ya 2013), kina mkutano mkuu, na kwenye kura mwenye hisa nyingi na mwenye chache wote wana kura moja moja, na hili mimi naliona ndo roho ya jambo lenyewe. KNCU yetu, kile chama kikuu cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ni ushirika ulioandikishwa 1933, AMCOS za vijijini (vyama vya wakulima vya kuuza mazao) ni ushirika, SACCOS (vyama vya kuweka na kukopa) ni ushirika. Na pale mjini tuna Chuo Kikuu cha Ushirika, sijawahi kusikia mtu akikiita cha ushirikiano.

Ukikwama jaribu hivi. Weka neno kujiunga: unaweza kujiunga na ushirika na unaweza kujitoa. Ukitaka kusema kutoa, kuonyesha au kuomba, hapo ni ushirikiano, kwa hiyo kwenye barua andika "tunaomba ushirikiano wako", usiandike "tunaomba ushirika wako" maana msomaji atashangaa unamuomba chama chake. Na ukitaja vyama sema vyama vya ushirika. Yanaweza hata kukaa sentensi moja, ile kanuni ya sita ya ushirika duniani inataka ushirikiano kati ya vyama vya ushirika, yaani chama kimoja kishikane na kingine.

Kanisani ni habari nyingine. Ushirika wa watakatifu kwenye kanuni ya imani ni umoja wa waumini, hauna hisa, na Walutheri wanasema usharika kwa a, hiyo ni ile jumuiya ya waumini yenye mchungaji wake, usije ukaandika "ushirika wa Moshi Mjini" kwenye kadi ya harusi.

Sasa turudi kwenye kahawa maana hapa ndo naomba mtu asome taratibu. Msimu ukianza wanapita wanunuzi wanasema "sisi tuna ushirikiano na wakulima", na mzee anasikia ushirika, anapeleka magunia akijua kahawa ikishauzwa mnadani atapata malipo ya pili kama anavyopata kwenye chama chake, anasubiri wee, kimya. Yule mnunuzi hajadanganya jamani, kasema ushirikiano, na ushirikiano haukupi hisa, haukupi kura, haukupi haki ya kusimama mkutanoni kuuliza hela zimeenda wapi. Kwa hiyo kabla hujapima kilo hata moja muulize, daftari la wanachama liko wapi, mimi nimo, mkutano mkuu ni lini? Akikwambia sisi tunashirikiana tu na nyie, basi ujue hapo unauza kwa bei ya siku hiyo, ukiridhika uza, ila malipo ya pili usiyahesabu kwenye ada ya mtoto labda yawe yameandikwa kwenye mkataba na nakala unayo wewe nyumbani.