Sufuria ya maharage na sura moja ya Ruthu: jinsi ya kupika na kusoma jioni moja

Ibada nyingi za nyumbani hufa kwa sababu moja. Zinapangwa baada ya chakula cha usiku, watoto wakiwa wanasinzia na mama bado ana vyombo vya kuosha. Maharage yanatoa nafasi nzuri zaidi. Yakishachemka yanahitaji saa moja au zaidi ya moto mdogo, na muda huo jikoni hakuna kazi kubwa. Basi someni hapo. Vipimo vilivyomo humu ni vya watu sita, na muda umepangwa kwa nyumba za Mbeya, Iringa na Njombe, ambako baridi na mwinuko vinabadilisha mapishi kuliko wengi wanavyodhani.

Andaa hivi: maharage makavu nusu kilo, vitunguu maji 2, nyanya zilizoiva 3, karoti 1, kitunguu saumu punje 4, mafuta ya alizeti vijiko 2 vya chakula, chumvi kijiko 1 cha chai, fungu kubwa la majani ya maboga, karanga mbichi nusu kikombe, limau 1, na unga wa dona. Upande wa kusoma, Biblia moja tu inatosha, ila iwe ya karatasi. Simu inaita katikati ya mstari, na mvuke wa jikoni hauipendi.

Hatua ya 1: Chagua maharage ya umri mmoja

Ukiwa soko la Mwanjelwa, Mbeya, au soko la Makambako, usianze na bei. Uliza kwanza: "Haya ni ya msimu huu au ya mwaka jana?" Maharage mapya yana ngozi inayong'aa na hayana mikunjo. Ya zamani yamefifia, mara nyingi yana vitundu vya wadudu, na yanaweza kuchukua muda mara mbili kuiva. Kibaya kuliko vyote ni mchanganyiko, kwa sababu nusu itapondeka huku nusu bado ni kokoto, na hakuna moto utakaosawazisha. Ukipata maharage ya njano, kama Njano Uyole iliyotoka kituo cha utafiti cha Uyole, chukua. Yanafaa sana kwa mchuzi mzito.

Chambua kwenye ungo mchana, penye mwanga. Mawe madogo ya rangi ya udongo hayaonekani usiku.

Hatua ya 2: Lowesha asubuhi, soma mistari miwili tu

Saa 12 asubuhi, kabla watu hawajatawanyika, osha maharage na uyaloweshe kwenye maji lita 2. Yanayoelea baada ya kukoroga, yatoe. Kulowesha kwa saa 8 kunatosha penye joto, lakini Juni na Julai maji ya Njombe na Mufindi ni baridi kiasi kwamba punje hunywa polepole. Acha saa 10 au 11. Ukikata punje katikati ukakuta kiini kikavu cheupe, bado.

Wakati huohuo soma mstari mmoja wa Agano la Kale na mmoja wa Agano Jipya, basi. Kwa majirani zetu Wamoravian desturi hii si ngeni. Wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891, na kanisa lao lilianza kutoa neno la kila siku huko Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728, likachapwa kwa mara ya kwanza kama kitabu cha mwaka 1731. Uzuri wake ni ufupi. Mtoto anayekwenda shule anaweza kuondoka nao kichwani. Ukirefusha asubuhi, utaiua jioni.

Umesahau kulowesha? Chemsha maharage dakika 3, epua, funika saa 1 nzima, kisha mwaga maji hayo na uendelee na hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Mwaga maji, chemsha kwa nguvu, usisome chochote

Saa 11 jioni mwaga maji ya kuloweshea, suuza, weka maji mapya mpaka yapite maharage kwa vidole vitatu. Moto mkali, bila mfuniko. Yakianza kutokota hasa, hesabu dakika 15 za kutokota kwa nguvu.

Dakika hizi si za kupunguza. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini. Kutokota kwa nguvu huiharibu, lakini joto la uvuguvugu haliiwezi. Mtu akila maharage mabichi kiini hutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Miongozo mingi husema dakika 10, lakini imeandikwa kwa watu wanaochemsha maji kwenye nyuzi 100. Mbeya mjini, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na Njombe chini ya hapo kidogo. Ndiyo maana ya zile dakika 5 za ziada, na ndiyo sababu maharage yaleyale yanayoiva haraka Dar es Salaam yanachelewa huku.

Povu litapanda. Litoe kwa kijiko, la sivyo litamwagikia jiko. Kwa hiyo mpishi asisome wala asiulizwe maswali.

Hatua ya 4: Moto mdogo, na sura moja

Funga mlango wa jiko la mkaa mpaka sufuria itoe vipovu vya taratibu, funika huku mfuniko umeachia upenyo, na usiweke chumvi, nyanya wala limau. Nyanya na limau zina asidi inayoshikilia ukuta wa punje usilainike. Ukiziweka mapema utapika mpaka saa 4 usiku. Magadi nayo yanalainisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni. Ukilowesha vizuri huyahitaji.

Kabla hamjakaa, fungua dirisha. Wengi kwa sababu ya baridi huingiza jiko la mkaa sebuleni, wakafunga mlango, wakasoma wakiota moto. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Wasikilizaji wakianza kusinzia na kulalamika vichwa vinauma, usidhani ni uchovu wa shamba. Toeni watu nje mara moja na jiko libaki uani. Ni afadhali kusoma mmevaa makoti.

Sasa Kitabu cha Ruthu. Kina sura 4 na mistari 85, kwa hiyo sufuria nne za maharage zinakimaliza, na kwa nyumba inayopika maharage mara mbili kwa wiki hizo ni wiki mbili. Kinafaa jikoni kuliko kingine chochote tunachokijua, kwa sababu kinaanza na njaa Bethlehemu, kinapitia mavuno ya shayiri na ngano, na watu wake wanakula, wanapima nafaka na kubeba mabaki nyumbani.

Tuchukue sura ya 2 iwe mfano. Ina mistari 23, na kwa sauti ya taratibu ni kama dakika 5 au 6. Gawa: mmoja asome maneno ya msimulizi, mwingine ya Ruthu, mwingine ya Boazi mwenye shamba, na bibi au babu asome ya Naomi, mama mkwe wa Ruthu. Anayekoroga asipewe sehemu. Someni mara moja bila kusimama, kisha mpishi aonje, aongeze maji ya moto ikihitajika. Maji ya baridi hukatisha kutokota na kukuongezea muda bure. Halafu rudieni mstari wa 14 hadi wa 18 polepole.

Baada ya hapo maswali matatu, yaleyale kila jioni ili hata mtoto wa miaka saba ayajue: Nani ana njaa hapa? Nani ana chakula? Amefanya nini nacho? Katika sura hii majibu ni mengi. Boazi anampa Ruthu chakula mezani na wavunaji, Ruthu anashiba na kubakiza, kisha yale mabaki anampelekea mama mkwe. Boazi anawaagiza vijana wake waangushe masuke makusudi na wasimkemee. Hapo msiwe na haraka. Kusaidia mtu bila kumwaibisha ni jambo la kuzungumza kwa mifano ya kwenu. Mmemaliza kuvuna viazi huko Uporoto, jirani mjane anapita shambani kuokota vilivyobaki. Mnamwambia nini? Mwenye Biblia asome na Walawi 19:9-10, ambako sheria ya kuacha masazo imeandikwa, ili watoto waone kwamba Boazi hakubuni tu.

Mstari wa 17 unataja efa moja ya shayiri. Waeleze watoto kwamba ni kama debe moja kwa makadirio. Mtoto aliyewahi kujitwika debe la mahindi ataelewa mara moja kazi ya Ruthu ya siku ile.

Mwisho sala fupi. Dakika 25 kwa jumla zinatosha. Muda unaobaki ni wa watoto kufanya kazi ya hatua ya 5 na wa wakubwa kuongea.

Jinsi ya kujua yameiva: toa punje tano kutoka pande tofauti za sufuria, bonyeza kila moja kati ya kidole gumba na cha shahada. Zote tano zipondeke bila ukinzani. Nne hazitoshi. Kwa maharage mapya tarajia dakika 60 hadi 90 za moto mdogo, ya zamani saa 2 na zaidi. Mwenye sufuria ya presha ahesabu kama dakika 20 tangu ianze kutoa mvuke, asubiri ishuke yenyewe, na ibada aifanye wakati huo wa kusubiri.

Mwenye gesi na anayeona mtungi unaisha ana njia nyingine. Chemsha kwa nguvu dakika 20, funika barabara, weka sufuria ndani ya kapu lenye blanketi chini, pembeni na juu, na uiache saa 3 bila kufungua. Kila ukichungulia unatoa joto. Kabla ya kula, rudisha motoni yatokote tena.

Hatua ya 5: Mboga na kuunga

Majani ya maboga yaoshe kabla ya kukata, si baada, kwa sababu ukikata kwanza vitamini vinaondoka na maji. Vuta nyuzi kuanzia kwenye kikonyo kuelekea kwenye jani. Hii ni kazi nzuri kwa watoto wakati wa mazungumzo. Karanga zitazame moja moja: iliyosinyaa, yenye ukungu au chungu tupa. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haifi kwa kupikwa. Zilizobaki kaanga kidogo, twanga, zichanganye na maji kikombe 1. Pika majani dakika 8 kwa maji kidogo, mimina karanga, koroga dakika 5 kwa moto mdogo ili zisishike chini.

Kwa maharage, kaanga kitunguu kwenye mafuta mpaka kiwe laini, weka kitunguu saumu, karoti, kisha nyanya, funika mpaka zipondeke. Weka maharage na supu yake. Ponda upawa mmoja wa maharage ubavuni mwa sufuria ili mchuzi uwe mzito bila kuongeza mafuta. Chumvi sasa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, kwa hiyo kijiko kimoja kwa sufuria nzima ya watu sita ni kiasi cha kutosha. Acha ichemke dakika 10.

Hatua ya 6: Mezani

Ugali wa dona, kwa maji lita 1, huchukua unga kama nusu kilo. Dona husagwa pamoja na kiini chenye mafuta, hivyo haikai muda mrefu kama sembe. Saga ya wiki mbili, si ya miezi.

Kamulia limau kwenye sahani, si sufuriani. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na majani huingia mwilini vizuri zaidi yakiambatana na vitamini C, na joto la sufuria huipunguza. Kinyume chake ni chai. Tunaishi kati ya mashamba ya Rungwe na Mufindi, na kikombe baada ya chakula ni mazoea yetu, lakini chai hukamata chuma kabla hakijanyonywa. Isogeze saa 1 mbele. Kwa mama mjamzito na binti aliyevunja ungo jambo hili lina uzito. Parachichi likiwepo, kipande kwa kila mtu, maana mafuta yake husaidia mwili kupata vitamini A ya mboga.

Mabaki, na mahali pa kuendelea

Yaliyobaki yahamishie kwenye chombo kipana yapoe haraka, na ndani ya saa 2 yawe kwenye friji. Usiyaache kwenye sufuria iliyofunikwa mpaka asubuhi kwa kutegemea baridi ya Mbeya. Katikati ya sufuria hubaki vuguvugu kwa saa nyingi. Ya friji tumia ndani ya siku 3, na kila mara yatokote hasa.

Ruthu ikiisha, endeleeni na Mwanzo 25:29-34 siku ya kupika dengu, kisha 1 Wafalme 17:8-16, mjane wa Sarepta na unga wake. 2 Wafalme 4:38-41 inasimulia sufuria ya Gilgali iliyotiwa matango ya mwituni bila mtu kuyajua, na Elisha akatia unga. Someni kama tendo la Mungu kupitia nabii. Unga hautibu maharage yasiyoiva. Na Danieli 1 isitumiwe kama orodha ya vyakula vya kupunguza uzito. Danieli alikataa kujitia unajisi kwa chakula cha mfalme, na maswali yenu matatu yatawapeleka hapo vizuri zaidi mkiongeza la nne: Chakula hiki kinatoka kwa nani?