Amukeke: kausha viazi vitamu wewe mwenyewe, ule mpaka msimu ujao

Niko wilaya ya Kumi, mashariki mwa Uganda, huku kwa Wateso, na kiazi kitamu kikishatoka ardhini hakingoji mtu, wiki chache tu kinaoza, ndo maana tunakausha. Vipande vikavu tunaviita amukeke, vile vya kupondwa ni inginyo.

Kwanza chagua. Kiazi kilichotobolewa na fukusi achana nacho, hata ukikata sehemu mbaya uchungu unabaki, na kipande kimoja kinaharibu sufuria nzima.

Menya, osha, kata slaisi za milimita 3 hadi 5, zilingane, la sivyo nyembamba zinakauka nene bado mbichi ndani.

Kuanika sasa, hapa ndo kazi. Subiri jua la Disemba mpaka Februari. Mama mkwe wangu anaanika juu ya mwamba, anasema jiwe linakausha kwa juu na kwa chini, na kweli linawahi, lakini mbuzi na kuku nao wanapanda huko, mimi nimejenga kichanja nikatandika turubai safi. Geuza mara kwa mara, jioni ingiza ndani umande usivikute. Kama ni vile vya rangi ya chungwa anika kivulini penye upepo, jua kali linakula ile vitamini A ambayo ndo sababu umevipanda.

Siku 3 au 4 hivi, chukua kipande uvunje. Kikilia ka! tayari. Kikipinda rudisha nje, usijidanganye.

Alafu acha vipoe kabisa kabla ya kufunga, jamani. Mwaka wangu wa kwanza nilivitoa juani nikajaza kwenye mfuko wa plastiki vikiwa bado vya moto, nikafunga, nikajiona fundi. Kumbe jasho lilitoka humo ndani, nafungua baadaye ni ukungu mtupu wa kijani. Nilimwaga vyote, maana sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haiishi kwa kuchemsha.

Kupika ni rahisi: loweka, chemsha mpaka vilainike, tia karanga za kusaga na maji ya ukwaju. Inginyo unaweza kusaga pamoja na mtama au ulezi upate unga wa atapa, ugali wetu wa Kiteso. Kijana wangu yuko Kampala, aliacha mkate wa asubuhi, anakula amukeke na chai, kila mwisho wa mwezi namtumia mfuko kwa basi. Ukwaju anasahau kununua kila mara, siku izi naufunga humo humo.