Kupanda lupini ya mwituni: kazi yote iko kwenye ganda la mbegu

Jirani yangu hapa magharibi mwa Michigan alipanda lupini ya mwituni, ua la porini, miaka miwili mfululizo, hakikuota kitu. Mwezi Aprili tulikaa mezani kwake tukaanza upya. Haya ndiyo tuliyofanya.

1. Soma jina kwenye pakiti. Unataka *Lupinus perennis*. Ile ndefu ya rangi nyingi ya madukani ni ya ukoo wa *Lupinus polyphyllus*, mwenyeji wa magharibi ya Amerika Kaskazini, na zikikaa karibu huchavushana. Mimi siipandi kabisa. Kiwavi wa kipepeo mdogo wa buluu aitwaye Karner hula majani ya perennis tu. Maua haya yalipopungua, naye akapungua, hadi mwaka 1992 Marekani ikamwingiza kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

2. Mahali. Jua la kutwa, udongo wa kichanga usiotuamisha maji. Mbolea usitie.

3. Ganda. Ni gumu na huzuia maji kuingia kwenye mbegu, kwa hiyo lilegezwe kwanza. Hapa ndipo nilipopoteza msimu mzima. Nyumbani tulizoea kumwagia mbegu za lusina, mti wa malisho, maji ya moto, nikafanya vivyo hivyo, na mbegu zangu zikaiva. Tangu hapo natumia msasa peke yake. Tandika karatasi ya msasa laini, weka mbegu, funika kwa karatasi nyingine, sugua kwa kuzungusha kiganja. Simama mara ganda linapopoteza mng'ao. Ukiona nyama ya ndani, umepitiliza na mbegu hiyo itaoza. Loweka usiku mmoja katika maji ya kawaida. Asubuhi zilizofura ziko tayari. Zilizobaki ndogo na ngumu hazijaingiza maji: zikaushe, zisugue tena, loweka tena. Usizitupe. Za jirani yangu zilifura 31 kati ya 50 siku ya kwanza, na baada ya kurudia zikabaki 4 tu zisizofura.

Zilizofura usiziache majini zaidi ya siku moja. Zichanganye na mchanga wenye unyevunyevu, usiochuruzika, uweke kwenye friji siku 7 hadi 10. Ukiona kamzizi keupe kabla ya hapo, panda siku hiyohiyo.

Angalizo kubwa: haya yote ni kwa anayepanda majira ya kuchipua. Ukipanda mwishoni mwa Novemba, usisugue wala usiloweke. Baridi itafanya kazi hiyo yenyewe, lakini mbegu iliyosuguliwa huweza kuota mapema ikauawa na barafu.

4. Bakteria. Lupini ni jamii ya mikunde, hupata nitrojeni kwa msaada wa bakteria wa mizizini. Nunua unga wa bakteria wa lupini. Wa soya haufai. Paka mbegu muda mfupi kabla ya kupanda.

5. Panda palepale itakapoishi. Kina cha sentimita 1 hivi. Mzizi mkuu hushuka chini sana na hauvumilii kuhamishwa, kwa hiyo mimi situmii vikopo. Zungushia wavu, sungura wanaipenda mno.

Mwaka wa kwanza utaona majani tu. Maua huja mwaka wa pili au wa tatu, Mei hadi Juni. Maganda yanayobeba mbegu yakianza kuwa meusi, yafunge kwa mfuko wa kitambaa, maana hupasuka na kurusha mbegu mbali. Mbegu hizo zina sumu, watoto wasizitie mdomoni.