Wakitaka kupunguza zinki kwenye bati: namna ya kuuhoji mpango kikaoni

Mpango wa kupunguza uimara wa bidhaa hauletwi kikaoni kwa jina lake. Huitwa "kudhibiti gharama", huwa na jedwali moja la kuvutia, na huwekwa mwisho wa ajenda watu wakiwa na njaa. Nimefanya kazi maabara ya ubora kwenye kiwanda cha mabati hapa Dar es Salaam, na mpango wa namna hii nimeuona ukija, ukikataliwa, kisha ukija tena umebadilishwa jina. Naandika kwa ajili yako uliye kwenye ubora, uhasibu au mauzo: huna cheo cha kukataa, ila kuuliza unaruhusiwa.

Usianze kwa kupinga. Omba nakala ya jedwali, kaa nalo jioni, na kila tarakimu iandike kama sentensi kamili. Tuseme pendekezo ni kushusha zinki, lile tabaka linalokinga chuma cha bati kisipate kutu, kutoka gramu 150 kwa mita ya mraba hadi 100, pande zote mbili zikijumlishwa. Jedwali linaonyesha akiba tu. Ukilichambua, utakuta limejengwa juu ya madai manne ambayo hayakuandikwa popote: maisha ya bati yatapungua kidogo, mteja hatagundua, bati likioza atarudi kununua kwetu, na wenzetu wote wanafanya hivyo. Yasome kwa sauti kikaoni, halafu kwa kila moja uliza: hili nani analijua, na tumelipima wapi?

Anza na hilo neno "kidogo", maana ndilo lenye hesabu. Gramu 100 zikigawanywa pande mbili ni gramu 50 kila upande, sawa na mikroni 7 hivi za zinki (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Gramu 150 ni kama mikroni 10.5. Zinki hulika taratibu, na muda wake unakwenda sambamba na unene: ukiondoa theluthi ya zinki, umeondoa theluthi ya miaka kabla kutu haijafika kwenye chuma. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9223 kinaonyesha kuwa mahali penye hewa kavu ya bara zinki hupungua chini ya mikroni 0.7 kwa mwaka. Penye chumvi ya bahari ni kati ya 2.1 na 4.2, na ufukweni kabisa hupita hapo.

Sasa weka majina ya miji. Dodoma, tukikadiria nusu mikroni kwa mwaka, bati la zamani lina miaka 21 na jipya 14. Tanga au Bagamoyo karibu na maji, tukikadiria mikroni 3, la zamani lina miaka mitatu na nusu, jipya miwili na kidogo. Jedwali la bosi lilikuwa na safu moja tu, "Tanzania", kana kwamba mvua na chumvi vinagawiwa sawa. Swali la kuuliza hapo ni jepesi: mawakala wetu wa pwani wanauza sehemu gani ya mzigo, na waranti tuliyowapa wateja wao ni ya miaka mingapi?

Kisha geukia akiba yenyewe. Bati la unene wa milimita 0.25, ambalo wengi hapa huliita geji 30, lina karibu kilo mbili kwa mita ya mraba. Gramu 50 za zinki ni sehemu ndogo sana ya uzito huo. Zinki ni ghali kuliko chuma, kwa hiyo usifanye ujanja wa kulinganisha uzito peke yake. Mwombe mhasibu aweke bei ya koili (roli la bati ambalo halijakatwa) ya gramu 150 na ya 100 siku hiyo hiyo, kwa msambazaji yule yule. Ukishapata tofauti, iweke pembeni ya ile theluthi ya maisha. Mara nyingi chumba hunyamaza hapo, na ni vizuri ukinyamaza nawe.

Kuhusu mteja kutogundua: ni kweli, zinki haionekani kwa macho, na bati jipya hung'aa vilevile. Lakini mwenye nyumba hachagui bati peke yake. Anamuuliza fundi. Nenda kwa mafundi wawili watatu wa paa, waamkie, kaa nao wakinywa chai, uliza: "Fundi, bati gani unakataa kupiga, na kwa nini?" Watakutajia kampuni kwa majina, na watakuonyesha paa zenyewe. Chukua vipande vya bati la zamani wanavyotupa, vipime maabara: unakata kipande chenye eneo unalolijua, unakipima uzito, unayeyusha zinki kwa asidi ya haidrokloriki yenye dawa ya kuzuia chuma kisiliwe, unapima tena. Tofauti ndiyo zinki iliyobaki. Hayo ni matokeo ambayo hakuna anayeweza kuyaita maoni yako.

Dai la kwamba mteja atarudi linavunjwa na namna watu wetu wanavyojenga. Mtu ananunua bando leo, jingine baada ya mavuno au mkopo wa kikundi, na paa linachukua miaka. Kama bando la kwanza limeanza kutu kabla la mwisho halijapandishwa, hilo la mwisho atalinunua kwetu?

"Wenzetu wote wanafanya" ni dai linalopenda ushahidi wa kusikia. Hapa napenda kuwakumbusha watu balbu. Mwaka 1924 watengenezaji wakubwa wa taa, Osram, Philips na wengine, walikubaliana balbu isizidi saa 1,000 za kuwaka. Ilibidi wawe na maabara ya kupima balbu za kila mwanachama na faini kwa aliyezidisha, kwa sababu wanachama wenyewe walikuwa wakichepuka. Kama hao walihitaji polisi, sisi tunajuaje jirani yetu hatabaki na gramu 150 na kututangaza? (Kwa haki, balbu inayodumu sana hutoa mwanga hafifu kwa umeme ule ule, si kila punguzo ni hila. Ndiyo maana tunauliza kwanza.)

Halafu toa pendekezo, usibaki mtu wa maswali. Bati la gramu 100 linaweza kuwa bidhaa halali ya bara, ikiwa linakidhi kiwango cha Shirika la Viwango Tanzania (TBS), likauzwa kwa bei yake, na gramu zake zikapigwa chapa kwenye bati. Uliza tu: tuko tayari kuziandika? Bosi akisema ziandikwe, mna bidhaa mpya. Akisema zisiandikwe, mwambie kwa heshima kwamba Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na mwanasheria wa kampuni aitwe kabla ya uamuzi.

Wakipitisha hata hivyo, hakikisha maswali yako yameingia kwenye muhtasari wa kikao, pamoja na jina la aliyejibu. Na siku koili ya mwisho ya gramu 150 inapoingia kwenye mashine, kata sampuli, andika namba ya koili na tarehe, itie sahihi wewe na msimamizi wa zamu, ifungie maabara. Malalamiko ya kwanza kutoka Tanga yakifika, mtahitaji kitu cha kulinganishia.