Somo: Kuchagua rekodi za harusini kwa kasha la kikundi cha taarab

Kikundi cha taarab cha Lamu au Malindi kilichopiga miaka thelathini huwa kimeacha kaseti nyingi kuliko kinavyojua chenyewe. Kwa wapigaji hazipo. Ziko kwa waliokuwa mabibi harusi na sasa ni wakongwe, kwa fundi wa redio, kwenye sanduku la mjomba aliyehamia Mombasa. Somo hili ni la aliyepewa kazi ya kuzikusanya na kutoa kasha moja la CD au flashi linaloonyesha umri wote wa kikundi kikiwa mbele ya watu. Wenzetu wa punk, ule muziki wa roki wa kasi na nyimbo fupi, wametutangulia katika kazi hii. Bendi ya Fugazi ya Washington walirekodi maonyesho zaidi ya 800, na mwaka 2011 wakaanza kuyatoa moja moja, mazuri na yenye kasoro. Sisi hatuwezi kuwaiga moja kwa moja, na sababu ni urefu wa wimbo.

Hatua ya 1. Pima kasha kabla ya kusikiliza chochote

CD inabeba dakika 74 hadi 80. Ramones, bendi nyingine ya punk, walipopiga London, Rainbow Theatre, usiku wa kuamkia mwaka 1978, nyimbo 28 ziliingia ndani ya saa moja na nafasi ikabaki. Wimbo wetu wa harusini, kiitikio kikirudiwa kila anapoinuka mtu kutuza, unakula dakika 8 hadi 15. Kwa hiyo CD moja ni nyimbo 6 au 7, na kasha la CD 5 ni nyimbo thelathini na kitu, basi. Andika idadi hiyo juu ya daftari. Usipoiandika, kila mpigaji atakuja na kaseti yake aipendayo na kasha litafika CD 12 zisizosikilizwa na mtu.

Katika hizo 5, tenga 2 kwa usiku mmoja kwa mfuatano wake: ala zinavyolinganishwa, nyimbo za mwanzo watu wakiwa bado wanaingia, hadi joto la baada ya saa sita. Wengi hupinga wakiona ni kupoteza nafasi. Lakini kasha la nyimbo bora tupu ni kama biriani ya nyama bila wali. Mwimbaji aliyelegea saa tatu usiku ndiye anayekufanya umwelewe wa saa nane.

Hatua ya 2. Orodhesha

Kila kaseti ipe namba yake, uiandike kwa kalamu ya kudumu kwenye ganda, si kwenye boksi, kwa sababu maboksi hubadilishana. Vunja vile vipembe viwili vya plastiki vilivyo nyuma ili isirekodiwe juu yake. Kisha andika: imetoka kwa nani, harusi ya nani, mtaa, mashine iliyotumika kama inajulikana, na kama ni ya asili au ni nakala.

Kutambua nakala si kazi ngumu. Kaseti ya dakika 90 ina dakika 45 kila upande, na rekodi ya asili hukatika pale pale upande ulipokwisha, kisha huanza upya wimbo ukiwa umeshasonga. Ukisikia mkatiko wa namna hiyo katikati ya upande, dakika ya 30 tuseme, basi mtu alinakili kutoka kaseti ya dakika 60. Nakala ya nakala inavuma kama upepo wa kusi, na vina vya mwisho vya beti hupotea kwanza. Itafute ya asili kabla hujaikubali.

Tarehe kwenye kaseti mara nyingi ni ya Kiislamu au haipo kabisa. Ya Kiislamu igeuze kwa jedwali, usikisie: Shaabani 1407, kwa mfano, iliangukia Aprili 1987. Kaseti isiyo na tarehe isikilize kwa ajili ya mambo ya pembeni: jina la bwana harusi likitajwa, mpigaji aliyekuwa bado hai, ala mpya iliyoingia. Na kama mtu anakwambia harusi ilikuwa katikati ya Ramadhani, muulize tena.

Hatua ya 3. Ingiza kwenye kompyuta

Tumia deki ya mezani iliyo nzima, si redio ya kubeba. Safisha hedi (kile kichwa kinachosoma kanda) na gurudumu la mpira kila baada ya kaseti tatu au nne kwa spiriti ya asilimia 90 na kuendelea. Ile ya hospitali ya asilimia 70 ina maji mengi. Kitufe cha Dolby, kile cha kupunguza mvumo wa kanda, kizime, maana rekodi za harusini karibu zote hazikupitishwa huko, na ukikiwasha utaua sauti za juu.

Pembeni mwa hedi kuna skrubu ndogo ya kuilaza. Kaseti iliyorekodiwa na mashine yenye hedi iliyopinda itasikika kama mtu anaimba chini ya shuka. Zungusha skrubu kidogo kidogo, robo ya mzunguko haitafika, ukisikiliza rika (tari ndogo) na herufi "s" za mwimbaji mpaka ziwe kali kabisa. Fanya hivi kwa kila kaseti. Hatua hii peke yake huokoa rekodi nyingi kuliko programu yoyote ya kusafisha, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Hifadhi kwa WAV, 96 kHz na biti 24. Saa moja ni kama GB 2. Kaseti 100 za dakika 90 ni saa 150, yaani GB 311 hivi. Nunua diski mbili za TB 1, moja ikae Lamu na nyingine bara, mbali na chumvi.

Hatua ya 4. Rudisha kasi

Hapa ndipo makasha mengi huharibika, na anayeharibikiwa hata hajui. Vinasa vya harusini vilitumia betri. Betri zikichoka, kanda hupita polepole wakati wa kurekodi, na ukiicheza leo kwa kasi sahihi, ya sentimita 4.76 kwa sekunde, wimbo unakwenda mbio na mwimbaji anageuka mtoto. Ukimsikia mzee wa sauti nzito akiimba kama kijana saa nane za usiku, si kipaji hicho.

Kipimo cha kwanza ni muungurumo wa umeme. Umeme wetu ni 50 Hz, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, na amplifaya huuacha kwenye rekodi. Tazama mchoro wa masafa: mstari ukikaa kwenye 52 badala ya 50, rekodi inakimbia kwa asilimia 4, zaidi ya nusu ya nusutoni (hatua ya kitufe kimoja cha kinanda hadi kinachofuata). Ipunguze hadi asilimia 96.15 ya kasi yake, ukibadilisha kasi na kimo cha sauti pamoja, si kimoja.

Lakini kipimo hiki kina mtego. Amplifaya ikiwa iliendeshwa na jenereta ya uani, ile 50 haikuwa 50. Jenereta ndogo ikibebeshwa taa na spika huyumba. Na Lamu yenyewe ilikaa miaka mingi kwa mitambo ya dizeli. Kwa hiyo hakiki kwa ala. Udi haufai kwa kazi hii, kwani hulegezwa na kukazwa kufuata koo la mwimbaji. Harmoniamu na kinanda cha umeme ndivyo vinavyofaa, vina sauti isiyohama. Linganisha noti moja ya wimbo wa kwanza na noti hiyo hiyo ya wimbo wa mwisho. Zikitofautiana, betri zilikuwa zinakufa taratibu, na itabidi urekebishe wimbo kwa wimbo.

Hatua ya 5. Sikiliza, kisha chagua

Msikilize wawili, kila mmoja na daftari lake, msizidi saa tatu kwa siku. Baada ya hapo masikio huanza kusamehe. Alama ziwe tatu tu: ndiyo, labda, hapana. Msizungumze mpaka kaseti iishe. Mmoja wenu awe anayajua mashairi, si muziki tu.

Usigawanye kasha kwa miongo. Gawanya kwa watu: alipoingia mpiga udi wa pili, alipoondoka mwimbaji mkuu, tabla zilipoachwa na kinanda cha umeme kikashika. Kila zama ipate angalau nyimbo 4. Zama yenye kaseti mbovu nayo ipate zake. Pengo la miaka minane kwenye kasha ni kosa kubwa kuliko mvumo wa kanda.

Wimbo maarufu wa kikundi utaukuta umerekodiwa mara ishirini. Uweke mara mbili, tatu kwa shida, na ziwe za mbali: mara ya kwanza ulipotolewa, na mara ambayo mwimbaji aliongeza beti au mahadhi yalikuwa yamebadilika. Kinachopaswa kushinda vingine vyote ni usiku ambao wasikilizaji wanajibu. Vigelegele vikipanda kabla mwimbaji hajamaliza kina, ina maana wamelielewa fumbo, na linamhusu mtu aliye pale pale.

Hatua ya 6. Kukata

Kata maikrofoni ikipiga mluzi mrefu, meza ikivutwa, kimya cha zaidi ya sekunde 20. Acha vigelegele, acha mtangazaji akitaja watuzaji (ila majina ya familia waulize wenyewe). Ukitoa kutuza, umetoa sababu ya mwimbaji kurudia kiitikio mara sita. Usiunge beti za usiku mmoja na za usiku mwingine. Ukilazimika, andika kwenye kijitabu.

Hatua ya 7. Ruhusa

Mwenye kaseti si mwenye wimbo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamlinda mtunzi maisha yake na miaka 50 baada ya kufa, na rekodi yenyewe miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipofanywa. Kwetu mtunzi wa shairi mara nyingi siye aliyeimba: mshairi alitunga, mwimbaji akatia sauti. Tafuta warithi wote wawili, mwandikiane karatasi ya kurasa mbili yenye mgao, kabla ya kuchapisha jalada, si baada.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Langoni, Lamu): Asalam aleikum maalim. Kaseti zangu tatu zina unga mweupe ukingoni mwa kanda. Nikizifuta kwa kitambaa, zitafaa?

Jibu: Waaleikum salam. Huo ni ukungu, usizicheze kwanza. Utahamia kwenye hedi na kutoka hapo kwenye kaseti zako nzima. Ziweke siku tano kwenye chombo kilichofungwa chenye pakiti za kukausha unyevu, kisha uzifungue nje ya nyumba, umeziba pua, na ufute ukingo kwa brashi laini kavu. Ukingo tu, kanda yenyewe usiisugue. Tenga deki ya bei nafuu kwa kaseti za namna hii. Ukikuta kile kisponji kidogo chini ya kanda kimedondoka au springi yake imeliwa na kutu, hamisha kanda kwenye ganda jipya la skrubu tano. Kanda iliyokatika iunge kwa utepe wake maalumu, kamwe si selotepu: gundi yake huvuja na kugandisha mizunguko.

Swali (Shella, Malindi): Harusi moja, rekodi mbili. Moja ilichomekwa kwenye amplifaya, sauti ya mwimbaji ni safi mno. Nyingine ilirekodiwa na mtu aliyekaa mkekani. Naweza kuzichanganya nipate uzuri wa zote?

Jibu: Ya amplifaya ina kile tu kilichokuwa na maikrofoni. Sikiliza vizuri utakuta tabla ziko mbali na watu hawapo. Ya mkekani ndiyo harusi. Ukizichanganya, jua kwamba mashine mbili hazitembei sawa: tofauti ya asilimia 1 ni sekunde 6 katika dakika 10, na mwimbaji ataanza kujifuata mwenyewe kama mwangwi wa kisimani. Inawezekana ukikata vipande vya sekunde 20 au 30 na kuvilinganisha kimoja kimoja, lakini kwa wimbo wa dakika 12 ni kazi ya siku nzima. Maneno yakisikika kwenye ile ya mkekani, itumie hiyo na uache nyingine kwenye diski ya akiba.

Swali (Mkomani): Nina kaseti ya shughuli ya wanawake watupu, mwimbaji ni marehemu mama yake mmoja wa wapigaji. Ni rekodi bora kuliko zote. Niiingize?

Jibu: Dada, ubora wake haukupi ruhusa. Waliokuwa ndani waliimba na kuzungumza wakijua hakuna mwanamume anayesikia, na majina yao yamo. Mwendee mwanawe, kisha waliobaki hai kati ya waliokuwepo, uwasikilizishe. Mmoja akikataa, imekwisha. Wakikubali wimbo na kukataa mazungumzo, kata mazungumzo.

Swali (Ngomeni): Wimbo tunaoutaka upo mara moja tu duniani na kaseti iliisha kabla ya beti mbili za mwisho. Tumalizie na mwimbaji wa sasa?

Jibu: Msimalizie. Shusheni sauti taratibu kwa sekunde 8 mwishoni mwa kiitikio kilicho kizima, muuweke wa mwisho kwenye CD yake, na beti zilizokosekana mzichape kwenye kijitabu kama mnazo kwa mshairi.

Swali (Malindi mjini): Programu yangu inaondoa mvumo wote wa kanda, sauti inabaki kavu kabisa. Mbona hujaisema?

Jibu: Kwa sababu inaondoa na taishokoto, ile ala ya nyuzi yenye vitufe iliyotoka Japani. Nyuzi zake na vigelegele viko kwenye masafa yale yale ya mvumo. Chukua kipande cha mvumo mtupu kabla ya wimbo kuanza, punguza desibeli 5 au 6, usizidi. Kisha isikilize kwenye spika ya kawaida ya sebuleni. Ukiona vigelegele vinasikika kama maji yanayochemka, umezidisha, rudi nyuma.