Jinsi ya kufanya baraza la Wauyghur mtaani kwako (hapa Mombasa)

Kila Ramadhan ikikaribia zile video za Wauyghur, Waislamu wa China, zaanza tena kuzunguka kwa magrupu ya WhatsApp, mara msikiti wabomolewa, mara watu wamefungwa macho wamekalishwa chini, basi twalia, twasambaza, Idi ikifika tushasahau. Hawa ndugu zetu wastahili zaidi ya hapo. Sisi huku Kibokoni tulikaa baraza moja baada ya Isha, kahawa na kashata, watu kama thelathini hivi, na nataka kueleza vile tulivyofanya ili nawe ufanye kwako Majengo, Likoni, Kisauni, popote.

Anza kwa kusoma wewe mwenyewe. Wauyghur ni zaidi ya milioni 11, wengi wako Xinjiang, kaskazini magharibi mwa China, lugha yao ni ya ukoo wa Kituruki na waiandika kwa herufi za Kiarabu kama wazee wetu walivyokua wakiandika Kiswahili. Aprili 2017 kulianza sheria ya huko inayokataza nikabu na ndevu "zisizo za kawaida", na kuanzia mwaka huo watu wakatiwa makambini bila kesi, inakadiriwa milioni moja au zaidi. Na upande wa serikali ya China pia uueleze, kwa sababu hapakosi mtu wa kuuliza: Agosti 2018 walikana hayo makambi mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa, Oktoba wakaweka sheria ya kuyahalalisha wakisema ni vyuo vya ufundi na vya kupambana na itikadi kali, mwisho wa 2019 wakasema wanafunzi wote wamehitimu. Halafu waambie watu kuwa tarehe 31 Agosti 2022 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti ikasema yaliyofanyika huko huenda ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Tumia maneno hayo hayo, usiongeze chumvi.

Sasa video, hapa nataka mtu anisikize vizuri. Usionyeshe video usiyojua imetoka wapi. Ukionyesha moja ya uongo, ya nchi nyengine, na kijana mmoja akaigundua kwa simu, basi hata ile ya kweli hawataiamini tena, na atakayeumia ni yule mfungwa sio wewe. Piga skrinshoti, tia kwa Google Lens (yatafuta picha kama hiyo mtandaoni), angalia ilianza kutoka lini na wapi. Sisi tulitumia ile iliyopigwa kwa droni, wafungwa wamenyolewa vichwa, wamefungwa macho na mikono, watolewa kwenye stesheni ya treni. Ilitoka mtandaoni 2019 bila jina la mtu, lakini wachunguzi walilinganisha majengo na picha za setilaiti wakatazama na vivuli vya jua, wakajua ni mji wa Korla na ni Agosti 2018. Waeleze watu hivyo jinsi ilivyojulikana, wanaelewa sana.

Kisha usitafute Muyghur aliye ndani ya Xinjiang ati umpe salamu au umuulize hali. Human Rights Watch, shirika la kutetea haki za binadamu, walieleza 2018 kuwa huko kuna orodha ya nchi 26 "nyeti", Muyghur akiwa na jamaa kwenye nchi hizo au akiwasiliana na watu wake anaweza kuhojiwa na hata kufungwa, na Kenya imo kwenye hiyo orodha. Na hata WhatsApp yenyewe kuwa nayo kwa simu ni balaa. Kwa hivyo salamu yako ya mapenzi yaweza kumtia mtu kifungoni.

Waite kina mama, tena wakae mbele. Hapa pwani kuna mama ambaye mwanawe alichukuliwa usiku na hajui mpaka leo yuko wapi, huyo humuelezi kitu. Sisi tulisoma habari ya Rahile Dawut, profesa aliyekua akiandika kuhusu mazar, yaani makaburi ya mawalii na ziara zake, mambo ambayo sisi twayajua. Alipotea Desemba 2017, na ikabidi kungojwa hadi Septemba 2023 ndio ikathibitishwa kuwa amehukumiwa maisha. Baraza zima lilinyamaza.

Atatokea mtu aseme twende tukawafukuze Wachina wa reli au wa dukani. Mkatize hapo hapo kwa adabu. Fundi aliyekuja kujenga reli Miritini hakumfunga mtu, na kuna Waislamu wa Kichina pia, Wahui, nao wamebanwa.

Mwisho andikeni barua, msiondoke bila barua. Oktoba 2022 kura ilipigwa Geneva kwenye Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, ati ile ripoti ijadiliwe tu, ikashindwa 19 kwa 17, na 11 hawakuegemea upande. Pakistan, Indonesia, Qatar walikataa, Somalia ikakubali. Kenya imechaguliwa kukaa kwenye baraza hilo 2025 mpaka 2027, kwa hivyo tuna haki ya kuuliza itapigaje kura. Katiba yetu kifungu cha 119 chasema kila mtu aweza kupeleka ombi Bungeni, na Kiswahili chakubaliwa. Muandikie Karani wa Bunge kwa heshima, sema mwataka nini hasa, sema kama jambo liko kortini au haliko, na kila mtu atie jina, anwani, namba ya kitambulisho na sahihi, asiyejua kuandika apige dole gumba. Mkitaka kuandamana, polisi waarifiwe siku tatu kabla kwa uchache. Ombi mlitoe kopi mbili, moja mwapeleka na ya pili mwagongesha muhuri wa kupokewa mwaiweka, kwa sababu baada ya mwezi mtarudi kuulizia.