SOMO: Andaa banda la gari kabla hujamwita dalali

Wanachama, salaam. Hapa Tanga mtu akitaka kuuza nyumba anapaka rangi sebule, anabadili mapazia, anafyeka uwanja. Banda la gari analitia kufuli na kusema "hiyo stoo tu". Mnunuzi makini ataomba funguo. Sebuleni ameandaliwa, bandani ndiko anakoona ukuta ulivyo, bati linavuja wapi, na kama mwenye nyumba anatunza mali yake. Ndiyo maana nasisitiza: usilipambe banda. Likaushe, liwe wazi, liingie gari.

Hatua ya 1: Toa vyote nje. Ukianza kupanga mkiwa ndani na mizigo, mtahamisha rundo kutoka kona hii kwenda ile. Godoro, tairi, ndoo za rangi iliyoganda, vyote uwanjani. Vyuma chakavu waite wanunuzi wa skrepa. Betri ya gari ibebwe ikiwa wima, ndani mna tindikali. Oili chafu itie kwenye dumu lenye kifuniko, umpe fundi gereji. Usiimwage mtaroni, maji ya mvua yataipeleka baharini.

Hatua ya 2: Ukuta. Hapa msiharakishe. Nyumba nyingi za zamani za Ngamiani na Chumbageni zinapandisha unyevu kutoka chini, na unyevu ukikauka unaacha chumvi: unga mweupe, plasta inabonyea, ukiigusa inamwagika. Watu wanapaka rangi ya mafuta juu yake. Hilo ni kosa, kwa sababu rangi ile inafungia maji ndani na baada ya muda inafura malengelenge mbele ya macho ya mnunuzi.

Fanya hivi: sugua chumvi kwa brashi kavu, uifagie na kuitupa. Usimwagie maji, itayeyuka na kurudi ukutani. Kwangua plasta yote iliyooza, uache ukuta upumue. Kama ukuta ni wa mawe na chokaa, rudishia chokaa, si saruji tupu. Kisha tafuta chanzo: mfereji wa bati uliotoboka, au udongo wa nje uliorundikana juu ya usawa wa sakafu. Kazi hii inafaa Januari na Februari, kabla masika hayajaanza Machi.

Ukiona vinjia vya udongo vya mchwa, usivifute tu. Ita mtu wa dawa, kagua mbao za paa, na mwambie mnunuzi ulichofanya.

Hatua ya 3: Sakafu. Oili mbichi imwagie unga wa mbao, ulale usiku kucha, kisha uzoe. Doa la zamani lipake uji mzito wa sabuni ya unga, sugua kwa brashi ngumu, suuza, rudia. Nyufa zizibwe kwa saruji.

Hatua ya 4: Mlango na taa. Upepo wa bahari unakula chuma, hasa Raskazone. Brashi ya waya, msasa, rangi ya kuzuia kutu, ndipo rangi ya mafuta. Bawaba zitie grisi. Weka balbu inayowaka vizuri, na nyaya zilizo wazi azifunge fundi umeme.

Hatua ya 5: Ingiza gari. Kama huna, azima kwa jirani. Pima urefu na upana, umpe dalali kwa mita. Gari dogo kama IST halifiki mita 4, lakini mwenye gari kubwa kama Prado atataka kujua kama milango itafunguka.

MASWALI

*Shikamoo mwalimu. Banda letu tulishalifanya fremu, kuna mpangaji wa saluni. Nimtoe?*
Marahaba mwanangu. Usimtoe kwa pupa. Mweleze mapema, na mnunuzi mwoneshe mkataba na kodi anayolipa. Yupo atakayefurahia kodi hiyo, yupo atakayetaka sehemu ya gari. Ila usibomoe chochote kabla hujampata mnunuzi.

*Kaka, paa la banda ni zile shiti za zamani za asbesto. Nizing'oe?*
Dada yangu, tafadhali usizivunje, usizikate, usizisugue. Vumbi lake likiingia mapafuni ni hatari kubwa na madhara yanakuja baada ya miaka mingi. Zikiwa nzima ziache, mjulishe mnunuzi. Zikiwa zimevunjika, kwanza uliza ofisi ya mazingira ya halmashauri namna ya kuziondoa.

*Banda lilijengwa baadaye, halimo kwenye ramani ya nyumba. Lina shida?*
Linaweza kukukwamisha. Nenda halmashauri na hati yako na ramani, uulize kuhusu kibali cha ujenzi, na uhakikishe banda halijavuka mpaka wa kiwanja. Na kama hiyo ndiyo nyumba mnayoishi na mwenzi wako, ridhaa yake ipatikane mapema: Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitaka.